Plasmidi hujinakili vipi ndani ya bakteria?

Mbali na vinasaba vyao vikuu, bakteria wengi hubeba vipete vidogo vya DNA. Vinaitwa plasmidi, jina lililotolewa mwaka 1952 na Mmarekani Joshua Lederberg. Mara nyingi humo ndimo zinakaa jeni za usugu, zile zinazofanya antibayotiki igome.

E. coli akipata chakula cha kutosha anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Plasmidi isipojinakili mapema, kuna seli itakayozaliwa bila usugu huo. Sasa nani anaanzisha kazi?

Chukua plasmidi iitwayo pSC101, yenye jeni ya usugu dhidi ya tetrasaiklini. Yenyewe haina mitambo ya kunakili DNA. Inatengeneza protini yake, RepA, ambayo hujishika mahali unakili unapoanzia, kwenye vipande vitatu vya DNA vinavyofanana. Lakini RepA peke yake haiwezi. Protini ya bakteria mwenyewe, DnaA, lazima ijishike hapo jirani, na nyingine, IHF, huikunja DNA ili zikaribiane. Hapo nyuzi mbili za DNA zinaachana kidogo, DnaB inaingia na kuzifungua kama zipu, kisha vimeng'enya vya kunakili vinafuata.

Ni kama mpangaji anayekuja na ufunguo tu, vyombo vyote anaazima kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana pSC101 haidumu ndani ya bakteria asiye na DnaA.

Utamu uko kwenye breki. RepA zikiwa mojamoja zinawasha unakili. Zikiungana mbilimbili, zinakwenda kuizima jeni inayozitengeneza. Kwa hiyo nakala hubaki kama tano kwa seli, mzigo ambao bakteria anaumudu. Watafiti wakiibadilisha RepA isiungane vizuri, nakala zinaongezeka.

Si plasmidi zote zinafuata njia hii. ColE1, kwa mfano, haina protini ya kuanzishia. Inatumia RNA na kimeng'enya cha bakteria.

Na pSC101 hiyohiyo ndiyo Stanley Cohen na Herbert Boyer waliyoitumia mwaka 1973 kuingiza jeni nyingine ndani ya E. coli. Miaka tisa baadaye, mwaka 1982, Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria, jeni zake zikiwa zimebebwa na plasmidi.