Malkia Eleni wa Uhabeshi

Somo: Esta 4:13-16

Somo letu latukumbusha kwamba Mungu aliweza kumtumia mke wa mfalme aliyetoka katika taifa jingine. Leo tumtazame mwingine wa namna hiyo, katika nchi jirani ya Ethiopia.

Eleni alizaliwa katika karne ya 15, binti wa mtawala Mwislamu wa Hadiya, nchi iliyowalipa kodi wafalme wa Uhabeshi. Wanahistoria wengi husema aliolewa na Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala tangu 1434 hata 1468. Ndoa za namna hii zilikuwa mapatano ya wakubwa. Ni mara chache binti aliulizwa.

Basi, alifanya nini na cheo hicho? Waandishi wa jumba la kifalme walimsifu kwa sala, kwa kushiriki Meza ya Bwana, kwa kuvijua vitabu na sheria, na hata kwa uhodari wa mapishi. Wareno nao waliandika kwamba alitunga vitabu viwili vya dini. Huko Gojjam alijenga kanisa la Martula Maryam. Na mwaka 1508, Lebna Dengel alipotawazwa angali mtoto, mama huyu mzee ndiye aliyemwongoza.

Eleni alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1520. Katika vita vya miaka ya 1530 kanisa lake lilichomwa. Mawe yalianguka, lakini sifa ya mama aliyelipenda Neno haikuanguka.

Ndugu zetu, katika ushirika wetu huenda yuko mama aliyetoka nyumba ya imani nyingine. Miaka imepita, nasi bado twamwita mgeni. Mara ngapi tumemwachia ufagio, na somo tukawapa wengine wasome? Tena tusimdai awadharau wazazi wake ili tumwamini. Uhabeshi ungalimweka Eleni mlangoni, ungalikosa vitabu vyake, kanisa lake na shauri lake. Je, sisi twakosa nini?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwaweka mlangoni wale uliowaleta mezani pako. Utufundishe kuwapa nafasi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.