Ugonjwa Kabla ya Jina Lake: Habari za Uchunguzi wa Maradhi Katika Karagwe

Mwishoni mwa mwaka 1861 palikuwa na mgonjwa katika mji wa Mukama Rumanyika wa Karagwe, na watu waliomzunguka walikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba mtu huyu hakika anaumwa. Jina lake ni James Augustus Grant, askari wa Kiskoti, naye alikuwa mwenziwe John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la mto Naili. Mwezi wa Desemba mguu wake wa kulia ulivimba kuanzia juu ya goti hata ukaharibika umbo. Ulipochanjwa ulitoa usaha mwingi, maumivu yakapungua kwa muda, kisha majipu mengine yakatokea. Goti likakakamaa na kupinda. Januari 1862 Speke alishika njia kwenda Buganda akamwacha mwenziwe kibandani. Grant hakuondoka Karagwe mpaka Aprili, na alipoondoka alibebwa kwa machela.

Yaliyoandikwa na Grant juu ya miezi ile, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1864, yanastahili kusomwa na kila mwenye kupenda historia ya utabibu katika nchi hizi, kwa kuwa mguu mmoja ulipewa maelezo manne. Baraka, mmoja wa viongozi wa msafara, alishikilia kwamba nyoka ameutemea mate. Haikuwa kuumwa, kwa maana hapakuwa na alama ya meno. Sidi Mubarak Bombay, ambaye sifa zake katika safari za bara hazihitaji kuelezwa tena, hakutafuta asili ya ugonjwa bali dawa yake, akaleta kandiko la moto la samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Nnanaji, nduguye Mukama, alisema ugonjwa huo anaujua vizuri, akamtuma mganga wa Kinyambo pamoja na mkewe. Mganga yule aliugusa mguu kwa upole, akauchanja chale, akapaka dawa nyeusi iliyofungwa katika jani la mgomba, kisha akamfunga mgonjwa kijiwe kifundoni kuwa hirizi. Na Grant mwenyewe, msomi wa Ulaya, aliuhesabu ugonjwa ule kuwa ni homa yake ya siku zote iliyobadili sura.

Hapana budi kukiri kwamba wote wanne walikosa, wala hapana aibu katika kukosa kwao. Kila mmoja aliisoma dalili kwa elimu aliyokuwa nayo, na jina la ugonjwa lilikuwa bado halijazaliwa. Mwaka 1897 Dakta Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Buganda, aliandika habari za vidonda vikubwa vya ngozi alivyoviona kwa wagonjwa wake. Mwaka 1948 Peter MacCallum na wenzake huko Australia wakatangaza kijidudu, jamaa ya vile vya kifua kikuu na ukoma, kinachokula ngozi na nyama iliyo chini yake. Katika miaka ya 1960 wagonjwa wengi walionekana katika wilaya ya Buruli karibu na ziwa Kyoga, na kutoka huko maradhi yakapata jina linalojulikana sasa, kidonda cha Buruli. Mwaka 1999 ndipo sumu ya kijidudu hicho ilipotambuliwa. Wachunguzi waliorudi katika maandiko ya Grant wameona kwamba maelezo yake yalingana mno na namna ya ugonjwa huo iletayo uvimbe mkubwa, nao huyahesabu kuwa ndiyo maelezo ya kwanza ya maradhi hayo katika Afrika. Basi tangu mgonjwa alale Karagwe hata kijidudu kujulikana ilipita miaka zaidi ya 80.

Ni kitu gani kilichouwezesha uchunguzi huo wa baada ya kifo? Mguu umekwisha oza, wala hapana kipande cha ngozi kilichohifadhiwa. Kilichobaki ni masimulizi ya mgonjwa: mwezi ulioanza uvimbe, mahali ulipoanzia, muda wa maumivu, rangi ya matumaini na ya kukata tamaa, na mwezi wa tano ambao ugonjwa ulichoka wenyewe. Hakuna aliyejua maana ya maneno hayo yalipoandikwa. Lakini kwa kuwa yaliandikwa kwa utaratibu, elimu ilipofika iliyakuta yanaingoja.

Katika mji ule ule, na katika siku zile zile, Speke alifanya kipimo ambacho nacho kina mafundisho yake. Wake za wakubwa wa Karagwe walinenepeshwa kwa maziwa hata wengine wasiweze kusimama wima, na unene huo ulikuwa heshima ya nyumba. Speke alimpima shemeji mmoja wa Mukama kwa utepe, akaandika kifua inchi 52 na paja inchi 31. Tarakimu zile zilisafiri mpaka London zikachapishwa mwaka 1863, na wasomaji wa huko wakaziona kuwa ajabu au maradhi. Katika Karagwe mwanamke yule alikuwa ndiye kipeo cha uzuri. Utepe haukusema uongo, ila utepe haujui lipi ni kawaida na lipi si kawaida. Hukumu hiyo hutolewa na watu, nao huitoa kwa kulinganisha mtu na watu wengine waliokwisha kuwazoea.

Zikapita zama. Ufalme wa Karagwe ukaisha, wilaya zikachorwa, na mwaka 2012 Kyerwa ikagawanywa kutoka Karagwe ikawa wilaya yake yenyewe. Kabla ya hapo mkoa wa Kagera ulikuwa umepatwa na msiba uliolirudisha swali la kibanda cha Grant kwa ukali usio na kifani. Watu walikonda, wakaharisha, wakashikwa na homa zisizokoma. Vipimo vilivyokuwapo viliweza kutafuta malaria, minyoo na kifua kikuu, lakini havikuweza kukiona kirusi ambacho wataalamu wenyewe walikuwa ndiyo kwanza wanakitambua. Raia hawakungoja maabara. Waliupa ugonjwa jina la Juliana, kwa nguo iliyopendwa wakati ule katika biashara ya mpakani, na wengine wakasema ni uchawi wa wafanya biashara waliodhulumiana. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo. Kipimo cha damu cha kuonyesha maambukizo kilianza kutumika duniani mwaka 1985. Katika muda huo mgonjwa aliweza kuambiwa kwamba hakuonekana kitu, ilhali mwili wake ulikuwa unakwisha machoni pa jamaa zake.

Mifano hiyo miwili ni ya maradhi ambayo kipimo chake hakikuwapo. Upo mfano wa tatu ulio mgumu zaidi, nao ni wa maradhi ambayo kipimo chake kipo, kikafanywa, kikaleta jibu la kawaida, na mgonjwa akabaki anaumwa. Hapo ndipo huingia habari za homoni.

Neno homoni lilianza kutumiwa na Ernest Starling mjini London mwaka 1905, kwa maana ya vitu vinavyotolewa na tezi na kuchukuliwa na damu kwenda kuamrisha viungo vya mbali. Kiasi chake katika damu ni kidogo mno, hata kwa miaka mingi matabibu walizijua kazi zake bila ya kuweza kuzipima sawasawa. Mlango ulifunguliwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York karibu na mwaka 1960, walipovumbua njia ya kupima insulini kwa msaada wa mnunurisho, na Yalow akatunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1977. Tangu hapo tarakimu zikawa nyingi, na pamoja nazo ikaja imani kwamba tarakimu yatosha.

Lakini yapasa kujua jinsi neno “kawaida” linavyopatikana katika karatasi ya maabara. Hupimwa watu wengi wasiojulikana kuwa na ugonjwa, kisha aghalabu hukatwa pembeni wale wachache waliozidi na wale wachache waliopungua, wakabaki 95 katika kila 100. Hao ndio kawaida. Yafuata kwamba watu 5 katika 100 walio wazima huonekana wana kasoro, na kwamba mtu aweza kutoka katika kiwango chake mwenyewe alichozoea, akaugua, na bado akawa ndani ya mipaka ya umma. Tena homoni hufuata saa: ile ya kortisoli huwa nyingi asubuhi na chache usiku, basi jibu la jioni halisomwi kwa mizani ya asubuhi.

Mwaka 1937 Harold Sheehan, mchunguzi wa maiti huko Glasgow, alieleza ugonjwa uliochukua jina lake. Mwanamke akipoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo hukua wakati wa mimba na kuhitaji damu zaidi, hukosa damu ikafa sehemu yake. Tezi hiyo ndiyo mkuu wa tezi nyingi za mwili. Ikinyamaza, nyingine hukosa amri. Maziwa hayatoki. Hedhi hairudi. Nywele za makwapa hupukutika, baridi huumiza, nguvu hupungua. Dalili hizo zaweza kuja polepole, na mara nyingi miaka mingi hupita kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Na achukuliwe kwa mfano mama wa Nkwenda au wa Kaisho, katika Kyerwa, aliyepona kufa uzazini kwa damu kumtoka. Baada ya miaka sita anakwenda zahanati akisema amechoka, hawezi kulima mpaka jua kupanda, na migomba imemshinda. Anapimwa malaria: hana. Wingi wa damu: si mbaya. Akibahatika kufika hospitali kubwa zaidi, hupimwa ile homoni ya pituitari inayoiamrisha tezi ya shingoni, kwa kuwa ndicho kipimo cha kwanza cha tezi hiyo. Jibu: kawaida. Mlango umefungwa.

Na kumbe jibu hilo halina maana kwake. Kipimo kile kimejengwa juu ya dhana kwamba pituitari ni nzima, na kwamba ikiona tezi ya shingoni imelegea itapaza sauti. Kwa mama huyu ni pituitari yenyewe iliyoharibika. Haiwezi kupaza sauti. Ni kama kumwuliza mlinzi aliyezirai kama ameona mwizi, kisha kuandika kwamba usiku ulikuwa shwari. Ilipasa kupimwa homoni ya tezi ya shingoni yenyewe, na kortisoli ya asubuhi, na nyinginezo zinazotoka chini ya amri ya pituitari. Wala si jambo la kuridhisha udadisi tu, kwa maana aliyepungukiwa na kortisoli akishikwa na homa kali au akipasuliwa aweza kufa ghafula. Na akipewa dawa ya tezi ya shingoni kabla ya kupewa ya kortisoli, dawa hiyo yenyewe yaweza kumtia hatarini. Kwa upande mwingine, akitambuliwa, vidonge visivyokuwa vya ajabu humrudishia maisha.

Ni nini basi kingalimwokoa? Si mashine kwanza. Ni swali moja: “Mama, ulipojifungua mara ya mwisho, damu ilikutoka kiasi gani, na mtoto alinyonya?” Swali hilo halina gharama, laweza kuulizwa Kayanga au Murongo sawasawa na Mwanza, ambako hospitali ya rufaa ya Bugando imewahudumia watu wa kanda ya ziwa tangu mwaka 1971. Baada ya swali ndipo huja kipimo kinachofaa, na safari ndefu ya barabara ikapata sababu.

Isidhaniwe kwamba hoja hii yamfanya kila aliyechoka kuwa mgonjwa wa homoni. Uchovu una wazazi wengi: upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, huzuni iliyokaa moyoni, na kazi nyingi yenye chakula kichache. Yuko mgonjwa ambaye vipimo vyake ni sawa kwa sababu tezi zake ni sawa, na kumlazimisha kumeza dawa za homoni asizozihitaji ni kumdhuru. Nnanaji alisema anaujua ugonjwa wa Grant vizuri, na neno hilo lilikuwa na hatari kuliko la tabibu angalikiri kutojua. Kwa hiyo jibu la kawaida lisitupwe, wala lisitukuzwe. Lisomwe kama jibu la swali moja lililoulizwa saa fulani, na aliyelisoma arudi kwa mgonjwa aulize lililobaki.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, yaani afichaye haja yake hasaidiwi. Methali hiyo humwelekea mgonjwa, lakini yamwelekea tabibu pia, kwa sababu hakuna awezaye kufunua habari zake mbele ya mtu aliyekwisha kufunga daftari. Grant alipona bila ya kulijua jina la ugonjwa wake, na mguu ulibaki kumkumbusha Karagwe. Aliacha kurasa chache za maelezo ya mwili wake, na kurasa hizo zikafanya baada ya karne moja kazi ambayo samadi, hirizi na kisu havikuifanya. Mama wa Kyerwa hana kitabu kitakachochapishwa London. Daftari lake ni kadi ya kliniki ya uzazi, na masimulizi yake yatadumu kadiri ya uvumilivu wa yule anayemsikiliza.