Kinachopandisha bei ya nyama Kibera na Kawangware

SEHEMU kubwa ya nyama inayouzwa Kawangware na Kibera, jijini Nairobi, hutoka katika vichinjio vya Dagoretti, kilomita chache tu kutoka Kawangware. Safari hiyo fupi, ya sanduku la bati juu ya pikipiki, si ghali. Gharama huwa imeshaingia kabla, katika mamia ya kilomita ambayo ng'ombe husafirishwa kutoka Moyale, Marsabit au Garissa.

Lori hukodiwa kwa safari, bila kujali unene wa mnyama. Tuseme, kwa mfano tu, limekodiwa kwa Sh100,000 na kubeba ng'ombe 20. Kila mmoja atalipiwa Sh5,000. Akitoa kilo 150 za nyama, kila kilo imebeba nauli ya Sh33. Akiwa amekonda na kutoa kilo 100, nauli hiyo inakuwa Sh50. Ndiyo maana wakati wa ukiame mfugaji huuza kwa hasara ilhali mnunuzi mjini haoni nafuu.

Juu ya nauli kuna kibali cha afisa wa mifugo, ushuru wa kaunti, malipo ya wapakiaji na ya wachungaji wanaosafiri ndani ya lori kuwainua wanyama wanaoanguka wasikanyagwe. Kuna pia kitu kidogo cha vizuizini, ambacho hakina risiti. Ng'ombe akifa njiani, nyama yake hairuhusiwi kuuzwa, na nauli yake huwaangukia waliosalia.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa kilomita 500 hivi, ilikuwa imewekwa lami kufikia mwaka wa 2017, na safari iliyochukua siku kadhaa ikafupika. Hata hivyo, ushuru wa thamani ulioanza kutozwa mafuta mwaka wa 2018 kwa asilimia 8, ukapandishwa hadi asilimia 16 mwaka wa 2023, ulirudisha sehemu ya mzigo huo.

Wapo wanaopendekeza ng'ombe wachinjwe karibu na malisho, nyama pekee isafirishwe kwa malori yenye majokofu. Kwa hesabu ya nauli hoja hiyo ina uzito. Lakini matumbo, vichwa na miguu, ambavyo ndivyo kitoweo cha familia nyingi za Kibera zisizomudu nyama, vitabaki huko huko kaskazini.