Upigaji Picha Parokiani: Misingi kwa Anayeanza

Sura ya msimamizi wa Kanisa Kuu la Arusha, Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, twaijua kwa njia ya kamera. Dada yake wa damu, Céline, aliingia na kamera katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux mwaka 1894. Wakati ule mpigwa picha alipaswa kutulia sekunde kadhaa. Simu zetu hazidai hivyo, lakini misingi ni ileile.

Kwanza ni mwanga. Saa sita mchana jua la Arusha huwa karibu na utosi na kutia giza machoni. Tuwapeleke wanakipaimara kivulini. Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500, mara nyingi huonekana vema asubuhi, kabla ya mawingu. Aliye mbele ya dirisha uso wake humezwa na giza. Tuuguse kwenye kioo cha simu, kamera ipime mwanga wa hapo.

Pili ni utulivu: tubane viwiko mbavuni.

Tatu ni mpangilio: tugawe picha mafungu matatu kwa upana na kwa urefu, na mhusika akae kwenye makutano ya mistari.

Juu ya yote ni heshima. Tukubaliane na paroko kabla ya Misa mahali pa kusimama, tuzime taa ya kamera, na wakati wa Mageuzo tuishushe na kupiga magoti. Picha ya mtoto isienezwe bila ridhaa ya wazazi. Mpiga picha naye amekuja kusali.