SPRINGI ZA NYUMA ZA PIKIPIKI: HISTORIA YAKE NA JINSI YA KUZICHAGUA



Leo tutajifunza historia ya springi za nyuma za pikipiki. Mtu anayeijua historia hii hauziwi springi isiyomfaa. Kama ipo pikipiki nje ya darasa lenu hapo Bomani, itazame tunapoendelea.

Pikipiki ya kwanza ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Ilikuwa ya mbao, na magurudumu yake hayakuwa na springi. Kwa miaka mingi baadaye, upande wa nyuma pikipiki nyingi zilikuwa na springi chini ya kiti tu. Gurudumu la nyuma lilikazwa kwenye fremu. Likipiga jiwe, liliruka. Nawe wajua kwamba gurudumu lililo hewani halishiki breki. Basi kumbuka: springi si ya raha tu. Kazi yake kubwa ni kulishikisha gurudumu barabarani.

Mwaka 1950 kampuni ya Norton ya Uingereza ilitoa pikipiki ya mashindano yenye fremu mpya, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless. Gurudumu la nyuma lilishikwa na mkono unaopanda na kushuka, likategemezwa na shokapu mbili. Springi ilibeba uzito, na mafuta ndani ya shokapu yaliizuia isirudi kwa nguvu. Mwendeshaji Harold Daniell aliilinganisha pikipiki hiyo na kitanda cha manyoya. Mwaka huohuo Geoff Duke aliiendesha akashinda mashindano makubwa ya kisiwa cha Man. Shokapu mbili za namna hiyo ndizo unazoziona kwenye bodaboda nyingi.

Sasa tuje kwetu. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tanzania iliweka kanuni za pikipiki za kubeba abiria kwa malipo mwaka 2010. Hapo pikipiki ikawa chombo cha kazi: leo abiria, kesho gunia la mahindi. Ndipo swali la springi likawa kubwa.

Mwaka 1678 mtaalamu Robert Hooke wa London alichapisha kanuni hii: uzito ukiongezeka mara mbili, springi hubonyea mara mbili. Kwa hiyo chagua springi kwa uzito unaoubeba kila siku. Mwalimu aendaye kazini peke yake akifunga springi ngumu, gurudumu litaruka kwenye mawe. Dereva apandaye milima ya Tarime na abiria akifunga springi laini, itagota chini. Fremu itapata ufa, na mgongo wa abiria utaumia.

Pima hivi. Nyanyua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka ekseli hadi alama kwenye fremu. Ishushe, kaa na mzigo wako wa kawaida, mwenzako apime tena. Kama gurudumu lina nafasi ya kupanda sentimita 9, inafaa ishuke kama sentimita 3. Ikishuka zaidi sana, springi ni laini. Ikishuka kidogo mno, ni ngumu.

Tazama pia unene wa waya. Springi ya waya wa milimita 8 ni ngumu karibu mara 1.7 kuliko ya milimita 7, ikiwa mengine yote ni sawa. Tofauti ya milimita moja si ndogo!

Jihadhari na mambo matatu. Pete yenye ngazi kwenye shokapu huinua pikipiki tu. Haiongezi ugumu wa springi. Usibadili upande mmoja. Badili zote mbili. Tena, shokapu inayovuja mafuta haiponywi kwa springi ngumu: itakurusha zaidi.

Rahisi huwa ghali, ndugu. Springi isiyofaa hulipiwa mara mbili: dukani, kisha barabarani.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini gurudumu likiruka breki haifanyi kazi?
2. Pikipiki yako hubeba uzito gani siku nyingi?
3. Pete ya shokapu hufanya kazi gani, na haifanyi kazi gani?