Kifo Kilikuja au Kifo Alikuja?

Vitabu vingi vya kiada vya fasihi humfundisha mwanafunzi kwamba tashihisi ni tamathali ya kukipa kitu kisicho hai sifa za mwanadamu, kisha vingine huongeza kwenye mabano: au uhaishaji. Neno la kwanza limetoka katika Kiarabu, kwenye tashkhis, lenye mzizi mmoja na shakhsi, yaani mtu. Kh yake imelainika ikawa h kama ilivyolainika katika habari na heri, na irabu ikapenyezwa ili neno litamkike kwa urahisi. La pili limeundwa nyumbani, kutokana na uhai. Maneno haya hutumiwa kama visawe, na hapo ndipo ninapotofautiana na vitabu. Tashihisi ni kufanya mtu. Uhaishaji ni kufanya kiumbe hai. Tofauti hiyo si ya kupasua nywele, kwa kuwa katika Kiswahili imo ndani ya sarufi yenyewe, na mwandishi anayeijua humpeleka msomaji pawili tofauti.

Tuanze na upatanisho wa kisarufi. Kifaru, kiboko na kipepeo huanza na ki-, lakini husemi kifaru kinakimbia, unasema anakimbia. Nyuki anaruka, kiziwi anacheka, waziri anahutubia. Kiambishi a- hakiulizi kama mtajwa ni binadamu. Kinauliza kama ni kiumbe anayejongea kwa nguvu zake mwenyewe. Mti, ambao mwalimu wa baiolojia atakuapia kuwa una uhai, haumo katika hesabu hiyo: umekauka, umekufa, umeoza. Kwa hiyo maneno “kitu kisicho hai” katika fasili ya kiada yanapwaya pande zote mbili. Mti ni hai, lakini ukianza kulalamika umepewa utu. Sungura naye ni hai na sarufi ilikwisha kumtambua zamani. Anapokimbia kichakani ni mnyama tu. Anapomlaghai Fisi, akaitwa Bwana Sungura na kupelekwa mbele ya mahakama ya wanyama, hapo amefanywa mtu, ingawa hakuna kiambishi hata kimoja kilichobadilika. Hiyo ni tashihisi isiyo na uhaishaji, maana uhai alikuwa nao tangu mwanzo.

Linganisha sasa sentensi hizi mbili nilizozitunga kwa makusudi. “Kifo kilibisha hodi, kikaingia, kikaketi kwenye kiti cha baba.” “Kifo alibisha hodi, akaingia, akaketi kwenye kiti cha baba.” Vitenzi ni vilevile na vyote ni vya watu, hakuna kisichokuwa mtu kinachobisha hodi. Msomaji wa sentensi ya pili amekutanishwa na mgeni. Anaweza kumuuliza ametumwa na nani, anaweza kumlaumu, hata kumbembeleza aondoke. Msomaji wa sentensi ya kwanza hana wa kuzungumza naye. Kitu kimefanya mambo ya mtu na bado kimebaki kitu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayotisha zaidi. Wanaodhani kwamba tashihisi kamili lazima ifike hadi kwenye a- wanapoteza nusu ya hazina: kuna nguvu katika kukizuia kiambishi kisifuate kitenzi.

Methali zinalijua hilo. Katika “kweli ikidhihiri, uongo hujitenga,” uongo unaona haya kama mtu aliyefumaniwa, lakini kweli inabaki na i- yake, na hu- ya hujitenga haifungamani na ngeli yoyote, hivyo swali la mtu au kitu linaachwa wazi. “Majuto ni mjukuu” inapata mtu kwa njia nyingine kabisa, kwa neno la ukoo. Kwa upande mwingine, “kikulacho ki nguoni mwako” inashuka ngazi badala ya kupanda: tunamkusudia ndugu au rafiki msaliti, na methali inamnyima a- aliyostahili ili tumwone kama kitu. Ndivyo pia mtu anavyogeuzwa kuwa lijitu lililokuja na kula chakula chote. Vitabu vingi huliweka jambo hili katika sura ya ukubwa na udogo wa nomino, mbali na tamathali, ilhali ni ngazi ileile ikiteremkwa.

Shaaban Robert aliipanda mpaka juu. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mshtakiwa ni Karama na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Nje ya kitabu majivuno humponza mtu, nayo huchukua ya-. Ndani ya kitabu Majivuno ni mtu mwenye cheo, wa kupatanishwa na a-. Hapo tabia imepata kiti barazani, na msomaji anaweza kumchukia kiongozi bila mwandishi kumtaja kiongozi yeyote aliye hai. Katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Mwingereza, hilo halikuwa pambo tupu.

Mshairi anaweza kunipinga kwamba viambishi hubadilishwa ili kutosheleza arudhi. Hesabu inamkatalia. Kilikuja ina mizani minne, na alikuja ina minne. Kilichokuja na aliyekuja zote zina mitano. Vina navyo hukaa mwishoni mwa neno, na upatanisho hukaa mwanzoni: changu na wangu zinafunga kwa sauti moja. Mwenye kuandika a- penye ki- amechagua mwenyewe. Mwingine atauliza kuhusu “Ikulu imekanusha.” Hiyo si tashihisi, kwa kuwa nyuma ya jengo kuna watu halisi waliokanusha, ni taashira. Lakini “bei zimepanda” ni uhaishaji uliochakaa, na kuchakaa hakujauondolea madhara: bei zinajipandia zenyewe, na aliyezipandisha hatajwi.

Pingamizi zito ni la mahali. Bara ya Kenya utasikia mbwa inabweka, na katika Kiswahili cha mazungumzo cha miji ya Katanga upatanisho umelegea zaidi. Kwa msikilizaji aliyezoea i- kwa kila kitu, kupanda kutoka ki- hadi a- hakumwambii mengi. Nakubali. Kwake utu wa Kifo utaletwa na hodi, na kiti, na kuitwa Bwana; tashihisi itabaki ingawa uhaishaji wa kisarufi umetoweka. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoyafanya maneno haya mawili kuwa visawe.

Jambo hili linamhusu pia mhariri, ambaye kwa nia njema hurekebisha “Kifo akaketi” kuwa “kikaketi.” Kabla ya kukata a-, inambidi aifuatilie hadi mwisho wa aya. Ikiwa imeshikiliwa kote, ni tamathali. Ikiwa imejitokeza mara moja na kupotea, aikate.