Kulaza Windows, kuamsha Linux: historia fupi ya usingizi wa tarakilishi

Nimekuwa kimya, kazi zilinizidi. Juzi kijana wa ofisini aliniletea laptopu yake yenye Windows na Ubuntu, akilalamika kwamba Ubuntu inakataa kuandika kwenye diski ya Windows. "Na jana niliizima kabisa!" akaapa. Sikumcheka. Mwaka 2005 jambo kama hilo lilinigharimu miezi miwili ya kazi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa APM, iliyoachia BIOS kazi ya kuokoa betri. Kwenye laptopu kadhaa za wakati huo BIOS yenyewe ndiyo iliyonakili RAM yote kwenye sehemu maalumu ya diski kisha ikazima mtambo. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakaleta ACPI, na usukani ukahamia kwa mfumo endeshi. Usingizi huu mzito, haibaneti, ukapewa jina S4. Windows 2000 ikaja na faili lake la kulalia, hiberfil.sys. Linux ilichelewa: swsusp, iliyoanzishwa na Gábor Kuti na kuendelezwa na Pavel Machek, iliwafikia wengi kupitia kerneli 2.6 ya Desemba 2003, ikihifadhi RAM kwenye swap. (Ile ya Nigel Cunningham, TuxOnIce, wengi tuliipenda zaidi, lakini haikuingizwa kwenye kerneli rasmi.)

Sasa sikilizeni. Mfumo ukilala haulali na programu zako tu. Unalala pia na picha ya diski kichwani: faili zipi zipo, nafasi zipi ni tupu. Ukiamka hauanzi kukagua upya, unaendelea pale pale, ukiamini kwamba hakuna aliyeingia nyumbani. Na sisi wa mifumo miwili ndio tunaoingia!

Mimi niliingia. Stima zilikuwa zikipotea ovyo, betri yangu ilikuwa imechoka, na kuwasha XP ilikuwa kazi ya chai kikombe kizima. Basi nikawa nailaza, nachagua Linux kwenye GRUB, kisha narudi. Sehemu ya kushirikiana niliifanya FAT32, kwa kuwa siku hizo kuandika NTFS kutoka Linux ilikuwa kamari. Usiku mmoja nikahifadhi humo msimbo wa mteja nikiwa Linux, nikaamsha XP. XP ikaandika ramani yake ya zamani juu ya ile mpya. Mafolda yakajaa herufi za ajabu, na chkdsk ikaniachia rundo la FILE0000.CHK. Nakala nyingine? Sikuwa nayo. Kosa lilikuwa langu, nikamweleza mteja ukweli, naye akatafuta mtu mwingine.

Februari 2007 Szabolcs Szakacsits alitoa NTFS-3G 1.0, na kuandika NTFS kukawa salama. Programu hiyo huchungulia hiberfil.sys kwanza, ikikuta alama ya kikao kilicholala, inakataa kuandika. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi tu.

Kisha Oktoba 2012 ikaja Windows 8 na kuwaka kwa haraka. Ukibonyeza kuzima, programu zako zinafungwa kweli, lakini kerneli na draiva zinalazwa ndani ya hiberfil.sys. Kwa hiyo kijana hakusema uongo: aliizima, nayo ikalala. Ajabu ni kwamba kuiwasha upya, yaani Restart, ndiko kunakoifunga kabisa. Au shikilia Shift unapozima. Dawa ya kudumu ni kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika powercfg /h off.

Tukafanya hivyo, tukaizima, na Ubuntu ikaandika bila maneno. Akaniuliza kama upande wa Linux anaweza kuulaza. Anaweza, kwa sababu Windows yenyewe haigusi ext4. Ila ile sehemu ya kushirikiana aitenganishe kwanza kwa umount, ndipo alaze.